Maji Yetu Yanachemka kwa 95



Sisi wanafunzi wa ya tano ya sayansi tunataka kusema juu ya kelele yenye ilitoka katika labo mwezi uliopita. Wengi waliisikia hata kwenye jikoni ya internati, na habari ikageuka njiani. Wengine walisema mashini ililipuka. Hapana, haikulipuka hata kidogo. Tulikuwa tunabishana juu ya maji.

Maji yalikuwa ndani ya sufuria ndogo juu ya mbabula. Mwalimu wa fizikia alitia ndani yake kapteri ya joto. Kapteri ni kitu gani? Ni kijiti cha chuma, kirefu kama biki, chenye waya nyuma, na ile waya inaingia ndani ya ordinateri. Katika ncha yake kuna kipande kidogo sana. Kikipata moto, umeme unapita ndani yake vyepesi. Kikipoa, umeme unapita kwa shida. Ordinateri inapima ule umeme, inaugeuza kuwa degre za joto, na kuchora mstari kwenye kioo chake wakati uleule. Basi mstari ukapanda: 60, 75, 88. Maji yakaanza kuruka-ruka ndani ya sufuria, na mstari ukalala. Ukalala kwa 95.

Hapo kelele ikaanza. Nusu ya darasa ikasema mashini imeharibika, kwani kila mtoto anajua kwamba maji yanachemka kwa 100. Iko ndani ya kaye ya ya kwanza, iko ndani ya kitabu. Wengine wakasema tungoje kidogo, labda mstari utapanda tena. Tukaongeza makala, tukapepea mpaka machozi. 95. Kisha mwalimu akatoa termometri ya zamani ya kioo, ile yenye tunaiogopa kuvunja, akaitia pembeni. Tukainama wote mara moja, vichwa vikagongana. 95.

Mama mpishi, mwenye alikuja kudai makala yake, ndiye aliyetusaidia. Alituuliza: «Ninyi watoto, hamujui kwamba maharagi ya huku ni magumu? Wakati nilikuwa Uvira nilikuwa nikiyapika haraka. Huku juu yanakula makala bila kushiba.» Mwalimu akacheka, akaandika ubaoni. Ziwa Kivu liko karibu metri 1.460 juu ya bahari. Huku juu hewa inakandamiza maji kwa nguvu ndogo kuliko kule pwani ya bahari, na maji yanapata njia ya kuchemka mapema. Kila mara unapopanda metri 300 hivi, unapoteza karibu degre moja. Mufanye hesabu wenyewe: ni karibu degre tano. Uvira, yenye kuwa chini sana kuliko sisi, inapoteza chini ya tatu. Kitabu hakikudanganya, kiliandikwa tu juu ya maji ya mahali pengine.

Tangu siku ile kuna jambo lenye halituachi. Tuko watu 46 katika darasa. Tumeandika ile 100 katika interogasio kwa miaka minne, na tukapewa pointi. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuipima. Termometri tumeichora mara nyingi kuliko tulivyoishika. Tunachora mbabula, tunachora chupa ya kioo, tunachora mvuke wenye kutoka, kwa rangi nzuri, na chini yake tunaandika «Jaribio». Jaribio gani? Ni picha tu.

Sasa tuseme habari ya sanduku. Lilifika shuleni mwaka uliopita, zawadi ya wanafunzi wa zamani, Mungu awabariki. Ndani yake: ordinateri moja ya kukunja, kapteri mbili za joto, moja ya mwendo, na moja ya kupima gesi karboniki katika hewa. Lilipokelewa kwa nyimbo. Picha ikapigwa. Kiisha likaingia katika kabati, funguo ikakaa ofisini, na sanduku likalala mule miezi saba. Hatusemi hivi kwa kulaumu wakubwa wetu. Tunajua sababu: kitu cha bei kikiharibika, ni nani atalipa? Mwalimu mwenyewe alikuwa na woga wa kuliomba. Lakini miezi saba, wandugu! Hata mbegu ikifichwa miezi saba panya wanaitafuta.

Siku ya pili baada ya maji, mwalimu alileta kapteri ya mwendo. Hii inafanya kama popo. Inapiga sauti ya juu sana yenye masikio yetu hayaisikii, inangojea mwangwi, na kwa kujua sauti imechukua wakati gani kwenda na kurudi inajua uko mbali namna gani. Sauti inakimbia karibu metri 340 kwa segonde moja. Ukisimama metri mbili mbele yake, sauti inakwenda na kurudi metri nne kwa segonde 0,012 hivi. Ukiisogelea karibu sana haikuoni vizuri. Ukipita metri sita hivi unapotea. Tena inadanganyika upesi: ilitupima mguu wa meza kwa dakika tano nzima mbele hatujajua.

Kabla ya kuiwasha, mwalimu alichora grafiki ubaoni: mstari unapanda, unalala, unashuka. Aliuliza, mtu huyu alifanya nini? Tukajibu kwa sauti moja kwamba alipanda mlima, akatembea juu yake, akashuka. Tulijibu hivyo sisi wa ya tano, wenye tumesoma grafiki tangu zamani! Mwalimu hakutukatalia. Akasema tu: «Basi mmoja aje atembee, aifanye mashini ichore mstari kama huu.»

Wa kwanza wa darasa akaenda kwanza, kwa heshima yake. Akatembea mbele kuelekea kapteri, kama mwenye kupanda mlima, na mstari ukashuka. Akakasirika. Wa pili akaruka juu ili mstari upande, nao haukupanda. Tulicheka mpaka ya nne wakagonga ukuta. Kiisha akaenda mwenzetu mmoja mwenye pointi zake za fizikia hatutazitaja hapa, lakini katika kwaya hakuna anayemshinda kwa kucheza. Akarudi nyuma polepole, akiangalia kioo: mstari ukapanda. Akasimama kimya: mstari ukalala. Akaja mbele: ukashuka. Mara ya tatu alichora mstari wa mwalimu sawasawa kabisa. Akageuka akatuambia: «Si mlima. Ni umbali tu.» Maneno yale matatu-manne, mwalimu alikuwa ametuambia mwaka mzima, na hayakuingia.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Katika miaka ya 1980, kule Cambridge, Massachusetts, katika Marekani, Robert Tinker na wenzake wa shirika TERC walianza kufunga kapteri kwenye ordinateri ndogo za wakati ule, ili wanafunzi wa shule wazitumie. Mwaka 1987 Heather Brasell alitoa habari ya wanafunzi wenye walitembea mbele ya kapteri kama sisi. Kwa wamoja grafiki ilichorwa wakati uleule wanatembea. Kwa wengine mashini ilingoja segonde 20 ao 30, kiisha ikaonyesha. Wale wa kwanza walijifunza; wale wa pili walipoteza karibu faida yote. Ni mashini moja, miguu ileile, segonde 20 tu kati yao. Na sisi tulizoea kungojea grafiki ya jaribio mpaka juma lenye kufuata, ikiwa kaye haijapotea.

Mwalimu wetu wa hesabu hapendi sanduku hili. Anasema mashini yenye kuchora mahali pa mtoto itamfanya mtoto kuwa mpumbavu, na kwamba siku ya Exetat hakuna kapteri kwenye meza. Tunamheshimu, na kwa nusu tunakubaliana naye. Tuseme ukweli wote. Tulifanya jaribio la chai mbili za moto, moja imefunikwa kwa sahani, moja wazi, kwa nusu saa. Kundi moja lilitumia ordinateri, nayo ilisoma joto mara kumi kila segonde. Hizo ni hesabu 18.000 kwa kila kikombe! Kundi lingine lilitumia termometri ya kioo na saa ya mkono, likasoma mara moja kila dakika: hesabu 31, kwa kalamu. Mistari ya makundi mawili ilikuwa na sura moja. Lakini tulipoulizwa juu ya nini chai inapoa haraka mwanzoni na polepole kiisha, ni nani alijibu? Ni wale wa 31. Walikuwa wameona wenyewe kwamba dakika za kwanza degre zinakimbia na mkono hauna pumziko, na kwamba baadaye mtu anaandika hesabu ileile mara mbili, akijiuliza kama amekosea. Wale wa 18.000 walikuwa wamekwisha kuanza kuzungumza mupira. Tunaweza kusema hivyo kwa kuwa sisi tunaoandika tulikuwa kati yao.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya, na mwalimu wa hesabu asikie. Mambo ya polepole, kama chai ao kivuli cha mlingoti wa bendera, mkono na ufanye. Mambo ya haraka kupita jicho, kama mwendo, sauti, kitu chenye kuanguka, mashini ifanye, kwa sababu huko mkono hauwezi kitu. Na ya usiku vilevile; hakuna mtu wa internati atakayeamka kila saa kusoma joto la ziwa. Tena, mbele mashini haijachora, kila mtu achore kwa kalamu lile analowaza litatokea. Bila kuwaza kwanza, unaangalia kioo kama mwenye kuangalia televizio.

Wala mashini haimalizi mabishano. Wengi wenu munajua habari ya Erasto Mpemba wa Tanzania. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa shule ya secondaire ya Magamba. Watoto walikuwa wakitengeneza barafu ya maziwa na sukari. Yeye, kwa kuogopa kukosa nafasi, akatia maziwa yake ndani ya friji yakiwa bado ya moto, na yakaganda mbele ya maziwa ya mwenzake yenye hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, akamwuliza profesa Denis Osborne aliyekuja kutoka Dar es Salaam. Wenzake wakamcheka, profesa hakucheka, akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wawili hawa waliandika habari ile pamoja. Sasa tazameni: mwaka 2016, Burridge na Linden, watu wa Uingereza, walijaribu tena kwa vyombo vya umeme vya kupima joto, na hawakuona maji ya moto yakipoa upesi kuliko ya baridi. Tena walionyesha kwamba ukiweka chombo chako sentimetri moja tu juu ao chini ndani ya maji, unaweza kupata jibu lingine. Sentimetri moja! Basi kapteri haiwazi. Inasema joto la pale ncha yake imegusa, na mwenye kuiweka pale ni mtu. Mtoto wa Magamba hakuwa na kapteri, alikuwa na ulizo, na lile ulizo limewasumbua watu wa kapteri zaidi ya miaka hamsini.

Wengine watasema: sanduku moja kwa shule nzima, na umeme wenyewe munaujua. Ni kweli. Siku ya kapteri ya mwendo, batri ya ordinateri ilikufa kabla ya dada zetu wawili wa nyuma kupata zamu yao, na mpaka leo wanatudai. Pano ya jua ya shule inapeleka umeme ofisini kwanza. Lakini hapa tunaomba ruhusa ya kusema kitu chenye kinaweza kutuletea azabu.

Kapteri nyingine ziko tayari shuleni. Ziko ndani ya meza ya Bwana Prefe. Kanuni tunaijua: telefone ya mwanafunzi ikionekana, inakwenda mule mpaka mwisho wa trimestri. Hatupingi kanuni; tunajua telefone inafanya nini usiku katika internati. Lakini katika telefone ya kugusa-gusa mna kapteri ya mtikisiko, mna ya sauti, na katika nyingi mna ya sumaku na ya mwangaza. Chuo kikuu cha Aachen katika Ujerumani kilitoa programu moja mwaka 2016, jina lake phyphox, bila bei, yenye kuzisoma kapteri hizo na kuchora grafiki. Mwalimu alitia telefone yake mwenyewe ndani ya mfuko, akaitundika kwa kamba kwenye boriti, akaisukuma. Ikahesabu kuyumba kwake. Kwa njia hiyo tulitaka kujua kama nguvu ya dunia ya kuvuta vitu, yenye kitabu kinaandika 9,81, ni ileile huku karibu na ekwateri, mahali inapaswa kuwa 9,78. Hatujaipata. Kamba yetu ya nailoni inarefuka, na ikirefuka milimetri tatu tu kwa kila metri, ile tofauti yote inapotea ndani yake. Tunatafuta waya ya chuma. Mwenye kuwa nayo atuletee.

(Na ni nani hajui kwamba tantali yenye kukaa ndani ya vyombo vya umeme kama hivi inatoka katika koltani, na koltani nyingi inachimbwa huku kwetu Kivu? Mawe yanatoka hapa, yanakwenda mbali, na yanarudi yakiwa na funguo.)

Tunaomba basi, Bwana Prefe, kwa heshima zote: siku ya alhamisi, saa mbili za labo tu, telefone tatu zitoke katika meza yako, zihesabiwe mkononi mwa mwalimu, na zirudi zikihesabiwa. Hatuombi feza. Hatuombi minervali ipande.

Na kwa nini tuna haraka? Kwa sababu ya kapteri ya nne.

Wote munajua mazuku. Hata wenye elimu wa ng'ambo wanaandika neno hili letu katika vitabu vyao vya volkano, bila kuligeuza. Ni gesi karboniki yenye kutoka udongoni, upande huu wa volkano, kuelekea Goma na Sake. Ni nzito kupita hewa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inalala katika mashimo na mabonde madogo, zaidi usiku na asubuhi wakati hakuna upepo. Haina rangi. Mtu mzima anaweza kupita na kichwa chake kiko juu ya ile gesi, na mbwa wake miguuni anaanguka. Wazee walitufundisha: usimlaze mtoto chini mahali majani yamekauka bila sababu na ndege wamekufa. Wengine wanashusha mshumaa kwa kamba kuona kama utazimika. Ni akili nzuri, lakini mshumaa ukizimika hewa imekwisha kuwa mbaya sana. Kapteri inasema mbele ya mshumaa.

Kwenye njia ya kwenda kisima kuna lile bonde ndogo lenye mbuzi wawili wa jirani walikufa wakati wa kiangazi. Watoto wa primaire wanapita pale kila asubuhi na bido zao, na wadogo ndio wenye vichwa karibu na udongo. Tunajua hewa ya kawaida ina gesi hii kiasi gani: sehemu 420 hivi katika milioni. Hewa ya bonde lile hakuna anayejua. Mmoja anasema ni mazuku, mwingine anasema mbuzi walikula sumu, na njia ingali ileile.

Tumeongea na mwalimu wa fizikia, naye anakubali kwenda nasi. Hakuna atakayeshuka ndani. Tutasimama juu, upande upepo unatoka, na kushusha kapteri kwa mti mrefu wa metri nne, kwanza juu, kiisha katikati, kiisha karibu na udongo. Asubuhi kabla ya jua, na tena saa nane. Juma zima. Tutaandika hesabu kwa kalamu, na kuzibandika kwenye mlango wa kapela na kwa chifu wa kijiji, ili wazazi waamue watoto wapite wapi.

Batri imejazwa. Mti tumekwisha kuukata. Kapteri ya hewa ingali ndani ya plastiki yake, katika kabati, upande wa kushoto, rafu ya pili.

Ni sisi, wanafunzi wa ya tano ya sayansi.